Chungu cha Ukurasa wa Mia na Kumi na Tatu

Filis Dutton alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mzee Krause, mwenye kiwanda, alishindwa kuutibu kwa miaka sita: alisoma kila alichokikunja. Wenzake katika kiwanda cha kujalidi vitabu walikunja karatasi zilizochapwa kama wanavyokunja shuka, mikono ikienda na midomo ikipiga soga. Filis alikunja kwa kipande chake cha mfupa huku macho yakipita juu ya mistari, na asubuhi hiyo ya Oktoba, saa mbili na robo, mkono wake ulisimama katikati ya kunjo.

Hakupiga kelele. Alikunja ile karatasi mara mbili zaidi, akaitia ndani ya aproni, akaenda hadi mwisho wa ukumbi ambako Elkana Purnell alikuwa akikata kingo za vitabu.

"Kaka Elkana, weka kisu chini. Usije ukajikata."

Elkana aliweka kisu. Kiwandani alikuwa mkata kingo tu. Nje ya kiwanda alikuwa mtu wa Kamati, wale watu weusi wa Philadelphia waliowaficha watoro kutoka Kusini, na kazi yake kwenye Kamati ilikuwa moja: kuuliza maswali. Kila palipovuja, Elkana alitumwa kutafuta ufa.

"Kitabu gani hiki?" aliuliza.

"Kimoja cha yale majibu. Tangu kile kitabu cha mwaka juzi kiwalize watu kwa mateso ya watumwa, kila mwenye wino anaandika kwamba watumwa wana raha. Hiki kinaitwa *Moto wa Nyumbani*, mwandishi ni 'Bibi Mmoja wa Kusini.' Kinatumwa Baltimore na Richmond wiki ijayo, nakala elfu tatu. Soma mia na kumi na tatu."

Elkana alisoma. Mtumwa aitwaye Dina amemtoroka bwana wake mwema akaja Philadelphia. Anaishi darini, juu ya duka la mshona kofia, ngazi kumi na saba kutoka barabarani. Dirisha lake linatazama saa ya kanisa, nayo ina mkono mmoja tu. Dina ana kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto, anatetemeka kwa baridi na kumlilia bibi yake. Hata hivyo hajasahau malezi mema: *kila asubuhi hufudikiza chungu chake cha chuma mlangoni, mdomo chini, nyenje wasilale ndani yake.*

Alisoma mara mbili. Saa ile ya kanisa yenye mkono mmoja ilikuwa mtaani kwao, na juu ya duka lile la kofia aliishi mwanamke aliyejulikana kwa majirani kama Ann Moore, mpiga pasi. Jina lake hasa lilikuwa Ketura. Alitoroka Maryland miaka miwili iliyopita kutoka kwa bwana aitwaye Levin Hargis, na kwa sheria ile mpya ya kuwakamata watoro hata Kaskazini, Hargis alihitaji kumwonyesha tu kwa kidole mbele ya afisa ili amrudishe.

"Aliyeandika hili ameingia mle chumbani," Elkana alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Filis alijibu. "Na kama anamjua Ketura, anawajua wangapi wengine?"

Hilo ndilo lililomtisha Elkana. Juma hilo Kamati ilikuwa imeficha watu kumi na mmoja katika nyumba sita. Ukimwondoa yeye na Filis aliyepeleka maji, waliowahi kupanda hadi kwa Ketura walikuwa watatu, wote Wazungu na wote wanaoaminika: Daktari Hollis aliyemtibu kifua, mwalimu Augusta Legare aliyemfundisha kusoma, na Bibi Tabitha Yarnall aliyemletea nguo za sufu.

"Mwambie Krause jino linaniuma," alisema akichukua koti. "Na wewe waambie wanawake wa mtaani wakae tayari. Wasiulize kwa nini."

*

Alianza na mwalimu, na ungekuwa wewe ungeanza hapo hapo. Augusta Legare alizaliwa Charleston, baba yake akiwa na watumwa arobaini. Aligombana na ukoo mzima, akaja Kaskazini na sanduku moja. Hayo ndiyo aliyoyasema yeye. Lakini lafudhi haikumtoka, na vidole vyake havikukosa wino. Bibi wa Kusini mwingine yupi angepanda darini kwa Ketura mara mbili kwa wiki?

Alimkuta darasani akichonga kalamu kabla wanafunzi hawajaingia.

"Bibi unaandika sana siku hizi?"

"Naandika barua ambazo dada zangu hawazijibu." Alimtazama. "Elkana, umetoka jasho na nje kuna baridi. Umekuja kunishtaki jambo. Sema, usinizunguke kama paka na samaki."

Elkana alimpa karatasi na kumtazama usoni akiisoma. Alipofika kwenye ngazi alikunja uso. Kwenye kovu aliziba mdomo. Alipofika kwenye chungu alifanya jambo ambalo Elkana hakulitarajia: alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Nyenje!"

"Kuna nini cha kuchekesha, bibi?"

"Unakijua chungu hiki ni cha nini?"

Elkana alitikisa kichwa. Alizaliwa Philadelphia, huru, na mama yake alizaliwa huru. Chungu kile alikiona mara ishirini mlangoni kwa Ketura na kila mara alikiruka. Aliona haya kuuliza mambo ya utumwani, kana kwamba ni kuchungulia kidonda cha mtu.

"Yaya aliyenilea alikuwa nacho," Augusta alisema. "Nilipokuwa na miaka sita nilimuuliza. Akanifinya mdomo kwa vidole viwili, hivi, akaniambia nikisema kwa baba, yeye atapigwa. Walikuwa wakisali kwa siri, Elkana. Kusali bila ruhusa kulikuwa na viboko. Chungu kikifudikizwa mlangoni, wanasema, kinameza sauti, na bwana hasikii kitu. Ningeandika kitabu hiki mimi, chungu ningekiacha nje. Au ningeandika maana yake ya kweli, ambayo ni ya hatari zaidi."

"Kwa hiyo mwandishi si mtu wa Kusini."

"Hata kidogo. Mtu huyu aliona chungu, akauliza, akadanganywa, akaamini. Sisi wa Kusini tumedanganywa na yaya na wapishi tangu utotoni, na tunajua. Huyu hajui." Alimrudishia karatasi. "Ulidhani ni mimi."

"Nilidhani, bibi. Samahani."

"Ningekuwa wewe ningedhani hivyo hivyo. Kimbia."

*

Elkana alipanda kwa Ketura akihesabu. Kumi na saba, barabara. Jambo hilo lilimkaa kichwani kama mwiba: mtunzi wa hadithi angeandika "ngazi nyingi" akaendelea na mambo yake. Huyu alisimama akahesabu. Kwa nini?

Ketura alikuwa akipiga pasi kola za watu. Chungu kilikuwa mlangoni, mdomo chini. Saa ya kanisa ilionyesha saa nne na ushei, na kwa mkono ule mmoja huo ushei ulikuwa wa kubahatisha.

"Umekuja mapema, kaka. Kuna nini?"

"Watu wakiuliza kuhusu chungu hiki, unawaambiaje?"

Ketura aliweka pasi kwenye kigae chake. "Eti leo ndiyo umeuliza! Miaka miwili unakiruka kama mavi ya ng'ombe. Nilikuwa nasema, huyu Elkana ama ana adabu kupita kiasi ama ni kipofu."

"Dada, tafadhali. Nimeshaambiwa ni cha nini. Nataka kujua uongo uliowaambia wengine."

Uso wake ulibadilika. Hakuuliza tena. "Daktari nilimwambia nazuia vumbi. Mwalimu hakuuliza. Alikitazama, akanitazama, akakaa. Yule Bibi Yarnall alishika kidaftari, akasema, 'Ketura, niambie kweli, kwa nini?' Nikamwambia nyenje."

"Vumbi kwa daktari na nyenje kwa Bibi Yarnall. Una hakika?"

"Kaka, mtu aliyekulia utumwani hasahau amemdanganya nani nini. Ndiyo maana niko hai."

Elkana alikaa kitandani. Bibi Yarnall! Alikuwa wa Jamii ya Marafiki, watu wa dini wasiomvulia mtu kofia, wasioapa hata mahakamani kwa sababu neno lao lote ni kweli. Ndiye aliyewaletea watoro blanketi baridi kali ilipowafungia ndani. Angesikia ni Papa wa Roma angeshangaa kidogo kuliko hivi.

"Ulimwambia nini kingine, dada?"

Ketura alitazama kola zake.

"Ketura."

"Nilimwambia jina la Hargis." Alisema taratibu. "Aliniahidi atamwandikia. Ataandika kama mtu wa dini tu anayeulizia wazee, ili nijue kama mama yupo hai. Mama haoni, kaka. Amekuwa kipofu tangu mimi nina miaka kumi. Mimi nilikuwa macho yake, nikamwacha mlangoni akidhani naenda kisimani. Miaka miwili sijui nani anamshika mkono. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Elkana alikuwa na maneno ya kumkaripia, yapo tayari kabisa. Aliyameza.

"Funga mzigo," alisema. "Mdogo, unaobebeka chini ya shali. Usimfungulie mtu mpaka nirudi."

"Muulize kama kajibiwa. Muulize kuhusu mama."

*

Kumhoji mtu wa Marafiki ni kazi rahisi na ngumu. Rahisi, kwa sababu hatasema uongo hata akichomwa. Ngumu, kwa sababu atajibu ulichouliza tu, na usipojua swali utaondoka mikono mitupu.

"Karibu, Elkana Purnell," alisema Tabitha Yarnall. Alivaa gauni la kijivu na kofia nyeupe isiyo na nakshi. Watu wake hawakutumia Bwana wala Bibi. Walikuita jina lako zima, mfalme au mchukuzi. "Keti. Chai iko motoni."

"Sitakaa. Wewe ndiye uliyeandika *Moto wa Nyumbani*?"

"Ndiyo."

Hakupepesa hata jicho. Elkana, aliyekuja na maswali sita ya kumnasa, alibaki nayo mkononi.

"Wewe si wa Kusini."

"Jina hilo aliliweka mchapishaji. Nilipoliona nililia. Sipendi jambo lisilo kweli." Alikunja mikono. "Najua utanikasirikia. Nachukia utumwa, Elkana Purnell, lakini naiona vita inakuja. Kile kitabu kingine kimewafanya watu wa Kusini wote wawe mashetani, na mtu ukimwita shetani kila siku atakupiga. Nilitaka kuandika kimoja cha kuwapatanisha. Bwana mwema, mtumwa mwema, na msamaha."

"Na chumba cha Ketura? Ngazi? Saa ya kanisa? Kovu lake?"

"Nimebadilisha jina lake," alisema haraka. "Kwetu, hadithi za kubuni ni dhambi. Ni uongo uliovalishwa nguo. Miaka hamsini na mbili sijawahi kusoma hata moja. Kwa hiyo nilimwahidi Mungu kwamba nikiandika, sitabuni kitu. Kila nilichokiandika nimekiona kwa macho yangu. Ngazi nilizihesabu mara mbili."

Elkana aliuona mwiba ukichomoka kichwani. Hakuwa na ubaya, huyu mama. Alikuwa na dhamiri safi kiasi kwamba aliandika anwani ya mtoro kwenye nakala elfu tatu ili asimkosee Mungu.

"Na nyumba ya Hargis? Hiyo hujaiona."

"Hapana. Ndiyo maana nilimwomba yeye anisaidie. Nilimwandikia kuhusu mama yake Ketura, naye akanijibu kwa upole mno. Barua tano! Akanieleza nyumba, shamba, wimbo wa jioni. Hayo ya kwake ni kweli kwa ushahidi wake."

"Naomba barua moja."

Alimpa ya juu. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. *Mwambie Ketura wetu, mama yake yu mzima. Kila jioni huketi dirishani akiitazama barabara, macho yake yakimtafuta mwanawe.*

Elkana alisoma mstari huo, akausoma tena. Kipofu hatazami barabara. Hargis hakujua hata kwamba mama huyo haoni. Basi hakuwa naye nyumbani, wala pengine hakuwa naye siku nyingi: amemuuza, au amemzika bila kumwangalia uso.

Saa ya ukutani iligonga nusu: saa tano na nusu.

"Tabitha Yarnall. Karatasi hizi zilizochapwa, Hargis ameziona?"

"Nilimpelekea siku nane zilizopita. Asahihishe sehemu yake. Ingekuwa si haki kuchapa habari za mtu bila yeye kuzisoma."

"Zote? Na ukurasa wa mia na kumi na tatu?"

"Zote."

"Amejibu?"

"Asubuhi hii." Alianza kubadilika rangi, taratibu, kama mtu anayesikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni kwake. "Anasema ameguswa. Anakuja leo kunishukuru, kwa gari moshi la saa tano. Atakuwa na rafiki yake mmoja."

"Rafiki gani?"

"Afisa. Hakusema wa nini." Alishika kiti. "Mwisho wa kitabu, Dina anarudi nyumbani kwa hiari yake. Mwisho tu ndio sikuuona. Niliutumainia."

"Wazee wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja," Elkana alisema. "Mwisho wako umeshashuka stesheni."

*

Alikimbia. Mtu mweusi anayekimbia mchana kweupe mjini Philadelphia husimamishwa, na mara mbili alipigiwa kelele, lakini hakusimama. Kwenye kona ya duka la kofia alimkuta Filis na kapu, akijifanya anachagua viazi.

"Wote wako tayari," Filis alisema bila kuinua kichwa. "Tunangoja nini, kaka?"

"Mtajua."

Ngazi kumi na saba alizipanda kwa pumzi tano. Ketura alimfungulia, shali begani, kifurushi mkononi.

"Mama?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Elkana angeweza kudanganya. Alikuwa na sababu nzuri, na muda haukuwepo. "Hargis anasema kila jioni yuko dirishani anatazama barabara."

Chini barabarani magurudumu yalisaga mawe, yakakoma. Mlango wa gari ulifunguliwa.

"Anatazama," alisema Ketura.

"Pole, dada."

"Anatazama barabara. Mama yangu." Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo alioubeba mpaka ukamchubua. "Kwa hiyo hana cha kunishikia tena yule."

"Twende. Tupite wapi?"

"Hatupiti popote. Ngazi ni hizi hizi."

Mshona kofia alisikika akisema kwa sauti kubwa kwamba darini hakuna mtu. Sauti nyingine, ya taratibu, yenye adabu ya Maryland, ilisema kwamba wanajua njia, asante. Kisha viatu. Moja. Mbili. Hargis alikuwa akihesabu, kwa sauti, kwa mzaha, kama mtu anayesoma kitabu alichokipenda.

Elkana alichukua pasi kwenye kigae. Ilikuwa bado ya moto. Alisimama mlangoni akiwaza kwamba akimpiga afisa atanyongwa, na asipompiga, Ketura ataondoka na minyororo.

"Weka chini," Ketura alisema. "Nipishe."

Aliinama mlangoni. Alikishika chungu kwa mikono miwili, kile chungu kilichomeza sala zake zote tangu Maryland, akakigeuza. Mdomo juu. Kisha akafungua dirisha kwa kishindo hata njiwa wa kanisa wakaruka.

"Mimi si Ann Moore!" alipiga kelele. "Mimi ni Ketura, binti wa Zila! Wamekuja kunichukua! Jamani, wamekuja kunichukua!"

Elkana alikuwa hajawahi kumsikia akipaza sauti. Sauti ile ilikuwa kubwa. Ilienda hadi mwisho wa mtaa ikarudi.

Tisa, alihesabu Hargis, na hakufika kumi. Chini, mlango wa kwanza ulifunguka, ukafuata wa pili, kisha milango ikawa haihesabiki. Walitoka wafuaji na mikono ya povu, wauza chaza na visu vyao, wasichana wa kiwandani na aproni, Filis mbele yao akiwa amelitupa kapu la viazi. Hawakupiga kelele. Waliingia duka la kofia mmoja mmoja, wakaanza kupanda.

Kwenye ngazi ya tisa, Levin Hargis na afisa wake waligeuka kutazama nyuma. Juu yao Ketura alikuwa amesimama mlangoni na chungu chake mkononi.

"Endelea kuhesabu, bwana," alimwambia. "Zimebaki nane."